Kocha wa mabosi aliyekataa kumuuza mteja wake

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, Bi Maswali anaikokota meza nje.

Ni meza ya mbao, nzito, mali ya mwenye jengo. Kila asubuhi inatolewa kwenye korido na kila jioni inarudishwa ndani, kwa sababu mwenye jengo hataki kusikia habari ya samani zake kuhamishwa. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kuchonga funguo. Mashine ya huko chini inakwaruza, inanyamaza, inakwaruza tena.

Chumbani vinabaki viti viwili. Havitazamani uso kwa uso. Amevigeuza kidogo, kila kimoja kikielekea dirishani.

"Meza ni ngome," anasema, akijifuta jasho. "Bosi ukimpa meza anaanza kunihutubia. Mimi sikumwita aje kuhutubia."

Halafu anawasha redio ndogo iliyoning'inizwa kwenye msumari nje ya mlango, ili mpita njia asikie habari za redio na asisikie za mteja. Saa mbili kamili mteja anapanda ngazi. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati limenyooka, hatua zimenyooka. Kazini walimpa jina la Meja, ingawa jeshini hajawahi kukanyaga. Anamsalimia mwandishi, anaingia, mlango unafungwa. Mwandishi anabaki kwenye korido na meza.

Kwa miezi minne Bi Maswali alikuwa akikaa na mwanamume huyu kwa malipo ya mwajiri wa Meja. Kisha mwajiri huyo akamtaka amuuze. Alitakiwa aseme aliyoyasikia nyuma ya mlango ule, ili Meja apatiwe sababu ya kufukuzwa. Makala haya yameandikwa kwa ruhusa ya wote wawili. "Yangu yote yameshasemwa na watu wengine," anasema Meja. "Acha na mimi niseme."

Bi Maswali ni kocha, ila si wa mpira. Ni kocha wa mabosi. Mashirika humwita akae na wakuu wa idara, mameneja, mara nyingine hata wakurugenzi, mmoja mmoja, saa moja kila baada ya wiki mbili. Hafundishi, wala hatoi ushauri. Anauliza, anasubiri, anauliza tena, mpaka mkubwa yule anajisikia mwenyewe anachokisema na kuanza kujishangaa. Jina lake la utani limetoka hapo, na amelizoea kiasi kwamba ukimwita la kuzaliwa anachelewa kugeuka.

Nyumbani kwao kazi hii ni kichekesho. Mume wa dada yake humchokoza kila wakikutana: "Shemeji, kumbe mtu analipwa kwa kuuliza maswali? Basi huyu wangu wa miaka minne angeshatujengea ghorofa."

Anacheka akisimulia hilo. Kicheko kinakatika mwandishi anapouliza kwa nini mabosi wahitaji kocha, wakati wameshakuwa mabosi.

"Hapo ndipo wanaponiudhi," anasema. "Mtu anapokea simu vizuri kuliko wenzake. Siku moja anaitwa, anaambiwa hongera, kuanzia kesho wewe ni mkuu wa wenzako. Basi. Hakuna neno jingine. Dereva akibadilishiwa lori anaonyeshwa gia zilipo. Huyu anakabidhiwa binadamu sitini na kuambiwa endesha. Miaka inapita, anaharibu, anaumiza watu, na hapo ndipo wanapomletea kocha, kama mgonjwa mahututi anayeletewa mtu wa kumwombea."

Anaijua hadithi hiyo kwa sababu ni yake. Alikuwa mpokea simu hodari katika kampuni moja kubwa, akapandishwa kuwa mkuu wa chumba kizima cha simu. Aliwabana watu vibaya. Mtu akienda msalani alimtazamia saa. Watu wakawa wanaacha kazi, malalamiko yakafika juu, naye akaletewa kocha, bwana mmoja mpole, wa sauti ya kubembeleza, aliyemwambia awe huru, aseme lolote, halitatoka pale.

Akasema. Alisema anawaogopa watu wake. Alisema asubuhi nyingine hujifungia chooni kwanza, anapumua, ndipo anapata miguu ya kuingia ofisini. Hakuwa amemwambia mtu hayo, hata mama yake.

Wiki chache baadaye aliitwa mbele ya wakubwa watatu. Mmoja wao akamwambia: wewe mwenyewe unakiri kwamba unawaogopa wafanyakazi wako.

"Nikayasikia maneno yangu yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine," anasema. "Yaleyale. Hata ile 'yaani' yangu ilikuwa mahali pake. Nilikuwa namtafuta yule kocha kwa macho, kama mjinga, nikidhani atakuja kunitetea."

Anayasema haya bila kupandisha sauti. Anayepandwa na hasira ni mwandishi, na msomaji amsamehe, kwa maana kuna namna za ukatili ambazo hazitoi damu na kwa hiyo hazimpeleki mtu polisi. Unamfungua mwanamke wa watu kifua, unamwambia toa yote, halafu unayabeba mikononi hadi kwa mwajiri wake. Na unalipwa. Na kesho unaamka, unavaa tai, unakwenda kumfungua mwingine.

Baada ya kufukuzwa alihamia kwa dada yake, akalala sebuleni karibu mwaka mzima. Ndiko alikoamua kuisomea kazi ileile iliyommaliza. Dada yake alidhani amechanganyikiwa. "Nilimwambia, dada, kama kitu hiki kina nguvu ya kuniangusha hivi, basi kina nguvu ya kumwinua mtu pia. Shida ni mikono kilimokuwa."

Alipoanza kujitegemea alijiwekea utaratibu mmoja, na wenzake wa kazi hii wanaujua kwa kumtania. Wanauita kikao cha watatu. Hamkubali mteja yeyote aliyetumwa na bosi mpaka bosi, mteja na yeye wakae pamoja, viti vitatu, bila meza. Bosi anamwambia mtu wake usoni anataka abadilike nini. Baada ya hapo bosi hasikii tena kitu mpaka mwisho, ambapo wanakaa tena watatu, na mteja anasema kwa mdomo wake mwenyewe kile anachotaka kisikike. Kocha hasemi.

Wakubwa wengi huona ni usumbufu. Wamezoea kumnong'oneza kocha pembeni: huyu bwana ana kiburi, mnyooshe. Kumtazama mtu machoni na kumwambia "una kiburi" ni kazi nyingine kabisa. Bi Maswali anasema nusu ya wanaompigia simu hawarudi wakishasikia sharti hilo, na hao waliokimbia ndio, kwa maoni yake, waliostahili kupelekwa kwa kocha.

Kwa Meja alilegeza kamba. Analisema hilo kwa uchungu kuliko yote.

Meja alikuwa mkuu wa ghala la dawa la kampuni inayosambazia hospitali. Aliingia pale akiwa mpakiaji, akabeba maboksi kwa bega, akapanda kidogo kidogo mpaka akakabidhiwa ghala zima na watu ishirini na wawili. Mkurugenzi alimpeleka kwa Bi Maswali, ila siku ya kikao cha watatu akasema yuko safarini, watumie simu. Wakaiweka simu katikati, juu ya kiti cha tatu.

"Simu ikasema, 'Namtaka awe kiongozi zaidi.' Nikauliza, zaidi kwa namna gani? Ikasema, 'Nyie mtaona.' Ikakatika," anasimulia Bi Maswali. "Nilikubali, bwana. Nilikuwa nimekaa bila kazi muda, na kampuni ile ilikuwa imeniahidi mameneja wengine wanne baada ya huyu. Lakini simu haina macho. Ningeyaona macho yake siku ile, ningejua."

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya kweli. Meja alikuwa na ugonjwa mmoja: alihesabu kila kitu upya. Mtunza ghala akishahesabu maboksi na kuyapakia, Meja anayashusha, anayahesabu mwenyewe. Malori yanasubiri getini, hospitali zinapiga simu. Watunza ghala wazuri watatu waliacha kazi ndani ya mwaka mmoja. Waliobaki wakawa wanahesabu ovyo, kwa kuwa mzee atahesabu tena, na yeye akikuta makosa ndiyo anazidi kuamini kwamba bila yeye mambo hayaendi.

"Huyu mama akaniuliza, nani pale ghalani anahesabu vizuri kuliko wewe," anasema Meja. "Nikamjibu, hakuna. Akaniuliza, kama angekuwepo ungemjuaje? Sijawahi kumwacha hata mmoja amalize. Sasa ningemjuaje?"

Likatoka na lililokuwa chini. Akiwa bado kijana wa ghala, dawa ya watu wazima iliwahi kupakiwa kwa ajili ya wodi ya watoto, na yeye ndiye aliyeiona, gari likiwa limeshawashwa. Tangu siku hiyo hakuamini macho ya mtu mwingine. Hakuwahi kumsimulia mtu hofu ile. Watu walimwona mjeuri tu.

Asubuhi moja alisimama kwenye mlango wa chumba cha baridi, mikono mifukoni, akawaacha wapakie. "Niliitia mifukoni kwa sababu ingenisaliti," anasema.

Mtunza ghala wa zamu ile, mwanamke aliyekaa pale miaka saba, anaikumbuka. "Tulidhani anaumwa. Mwenzangu akanikonyeza, akasema mwangalie mzee, ana homa. Nimepakia gari zima, nikafunga, nikamtazama. Akasema, 'Sawa, dada, liondoke.' Nilikwenda nyuma ya maboksi nikalia kidogo. Tena wiki ileile nilikosea, nikaenda mwenyewe kumwambia. Zamani ningeficha mpaka kiama."

Malori yakaanza kutoka kwa wakati. Hakuna aliyeacha kazi tena. Kama mtu anauliza ukocha wa viongozi unafaa nini, jibu lilikuwa pale getini, lina magurudumu, linaondoka mapema.

Na ni wakati huohuo ofisa wa rasilimali watu wa kampuni alipopanda ngazi za juu ya duka la funguo, bila miadi, akiwa na tabasamu.

Akamwita Bi Maswali dada. Akasifia chumba. Akasema wao ni watu wa ndani, si wageni. "Hatutaki siri zake, dada. Tunataka kitu kidogo tu. Anafaa au hafai?"

"Muulizeni yeye," alijibu. "Tumebakiza kikao kimoja cha watatu. Atasema mwenyewe."

Ofisa akasogeza kiti. Akasema wamesikia Meja ana woga fulani, jambo la zamani, la dawa za watoto. Je, mtu mwenye hofu ya namna hiyo aaminiwe na ghala? Bi Maswali anasema hakujua wamelipata wapi. Baadaye ilijulikana Meja mwenyewe alikuwa amewasimulia watunza ghala wake, kuwaomba radhi, na neno likatambaa mpaka juu. Pale hata hivyo alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

"Nikamwambia, bwana, kichwa changu leo kina shingo ngumu."

"Lakini dada, sisi ndio tunaolipa."

"Mnalipia saa. Mdomo wangu hamjaununua."

Tabasamu likaisha. Ofisa akamkumbusha, kwa upole ule wa watu wenye kisu mfukoni, kwamba kuna mameneja wanne wanangoja kuletwa kwake. Hao wanne walikuwa nusu ya kazi yake ya mwaka. Alimsindikiza mgeni wake mpaka kwenye ngazi na kumtakia safari njema.

Huyu mama angeweza kuitikia. Nani angejua? Meja angefukuzwa vilevile, kodi ya chumba ingelipika, na kampuni ingeendelea kumsifu kwa weledi. Wapo wanaoitikia kila siku. Wanaiita "kutoa mrejesho." Kijijini kwetu, na nadhani hata kwenu, jina lake ni umbea, tofauti ni kwamba mmbea wa kijijini halipwi.

Lililobaki lilitokea kwenye kikao cha mwisho. Safari hii Bi Maswali aliikataa simu. Mkurugenzi akaja, amechelewa, akatafuta meza, hakuiona, akakaa.

Akaanza kwa kumtazama kocha. "Huyu bwana tunamheshimu sana, ila..."

"Mwambie yeye," alisema Bi Maswali.

Mkurugenzi akamgeukia Meja. Akasema kwamba uamuzi ulishafanyika. Mtu wa kushika nafasi alishapatikana.

"Lini?" Meja aliuliza.

"Kabla hujaanza huku."

Watunza ghala walikuwa wanajua. Mrithi huyo, mama mmoja mwenye miwani, aliwahi kupitishwa ghalani, Meja akiwa mwezi wa pili tu kwa kocha, akatambulishwa kama mgeni wa ofisi kuu. Meja mwenyewe alimwonyesha chumba cha baridi na kumweleza jinsi mlango unavyokwama. Alimzungusha kwa heshima zote kwenye kiti chake mwenyewe.

"Nikamuuliza mkurugenzi, sasa kwa nini mlinileta? Akasema, walitaka ionekane nimesaidiwa," anasema Meja. Anairudia sentensi hiyo polepole. "Ionekane. Miezi minne nimeamka nikijilazimisha kubadilika, nimewaomba radhi watu niliowazidi umri, nimeyapa mgongo maboksi huku moyo unanidunda. Wao walikuwa wanapanga maua ya mazishi."

Mwandishi alimpigia simu mkurugenzi. Alisema kampuni inathamini sana maendeleo ya viongozi wake. Alipoulizwa maendeleo ya kiongozi ambaye ameshafukuzwa yanaitwaje, mtandao ukawa mbovu.

Huu ndio uhuni ambao mashirika mengi yanaufanya kwa suti na tabasamu. Chombo cha kumjenga mtu wanakitumia kumpamba kabla ya kumtupa. Kisha wanashangaa kwa nini wafanyakazi wakisikia neno "kocha" wanaanza kufungasha.

Na wameanza. Mrithi wa Meja, yule mama wa miwani, alimpigia Bi Maswali mwezi uliopita. Ghala limemwelemea, amekuta watu wanaopakia vizuri na hajui awaongoze vipi. Anahitaji mtu wa kukaa naye, lakini anaogopa kuonekana kwenye ngazi zile. "Aliniambia, dada, huku wanasema anayekwenda kwako harudi," anasema Bi Maswali. Anakunja mikono yake, anaikunjua. "Mameneja wanne nitawapata kwingine. Hili la mama huyu ndilo nisilowasamehe. Mtu anazama, anaona kamba, anaikimbia, kwa sababu wao waliigeuza kitanzi."

Kule koridoni, saa tatu asubuhi, mlango unafunguka. Meja anatoka, macho mekundu kidogo, anaisukuma meza ukutani ili apite. Hajapata kazi nyingine. Anakuja kwa hiari yake, na Bi Maswali hajamtoza kitu tangu afukuzwe. Wanabishana kuhusu hilo kila mara, na leo pia wamebishana.

Wana mpango, wawili hawa. Mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya jengo amekubali kuwaazima darasa asubuhi za Jumamosi. Watawaita waliopandishwa cheo juzijuzi: viongozi wa zamu, wakuu wa wodi, wasimamizi wa mashine, watu ambao hakuna shirika litakalowaletea kocha mpaka siku ya kuwafukuza. Hakutakuwa na bosi wa kuwatuma wala wa kuletewa habari. Kumi na mmoja wameshaitikia.

"Nataka nimpate mtu siku anayopewa watu," anasema Bi Maswali. "Nimechoka kumpata siku ananyang'anywa."

Meja ndiye atakayezungumza nao Jumamosi ya kwanza. Ameombwa awaeleze jinsi alivyojifunza kuwaachia watu kazi yao, na amekubali, ila amesema hataanza na hilo.

"Nitaanza kwa kuwaambia, siku ukipelekwa kwa kocha, bosi wako akae mbele yako kwanza," anasema. "Mwangalie machoni, umuulize: umeshaamua? Akisema bado, na ukamwamini, jitoe mzima, utafaidika. Mimi nilifaidika." Anafunga kifungo cha mkono wa shati. "Akitazama pembeni, mshukuru, urudi kazini kwako, na usimwambie mtu yeyote kinachokutisha."